Injini Niliyoiwasha Nchi Kavu

Mwanangu Martina,

Umetoka asubuhi kwenda Dirma kumuaga bibi yako, ukaniambia "nimeenda, mama" ukiwa tayari umeshapanda pikipiki. Sikulaumu. Tangu juzi pale ufukweni hatujazungumza zaidi ya chumvi iko wapi na ndoo iko wapi. Kwa hiyo naandika. Ni saa tisa alasiri, boti nimeifunga, abiria nimewaambia leo hakuna safari, na nimekaa hapa mlangoni na daftari lako la fizikia la kidato cha pili, zile kurasa za nyuma ulizoziacha tupu. Nilijua siku moja zitafaa kitu.

Sitakuandikia habari za blanketi, wala mahali pa kuficha nauli, wala wanaume wa Mwanza. Hayo shangazi zako wameshakuambia mpaka umechoka, na mengine nadhani unayajua kuliko wao. Mimi nina jambo moja tu, na nimelichelewesha mpaka limeoza.

Nataka kukuambia kwa nini nilikunyang'anya ile spana. Ulikuwa umeshatandaza gunia kwenye mchanga, umepanga vifaa kwa ukubwa kama unavyopenda, na kifuniko cha injini kiko chini. Siku ya sevisi ilikuwa imefika na hukuona vizuri uondoke uniachie kazi hiyo. Mimi nikaja mbio kutoka nyumbani, kanga inanidondoka, nikakupokonya spana mbele ya wavuvi wote na kumpigia simu fundi Hamisi wa Singida. Ukanitazama. Halafu ukasema, bila hata kupandisha sauti, "Watu wa Mwanza hawanijui, wamenipa kazi ya kutengeneza injini. Mama yangu ananijua, hataki niguse hata plagi." Nikakujibu kwamba mimi ndiye mwenye boti. Lilikuwa jibu la kijinga, na wavuvi waliinamia nyavu zao wakijifanya hawakusikia.

Mikono yako naiamini, Martina. Ninayoiogopa ni yangu. Naiogopa tangu ulipokuwa na miaka minane, na muda wote huo nimekuwa nikikuambia kwamba hii ni tahadhari.

Unajua nilikulia Mbulu, kwenye mashine ya kusaga ya babu yako. Hilo nimekusimulia mara nyingi, tena kwa maringo. Ilikuwa injini ya dizeli, nzito, yenye gurudumu kubwa pembeni, na juu yake pipa la maji la kuipoza. Kazi yangu kila asubuhi ilikuwa kujaza pipa hilo. Babu yako alinifundisha kuiweka ncha ya bisibisi juu ya injini na mpini wake sikioni, ili nisikie kinachogonga ndani. Nilipofika darasa la sita niliweza kumwambia kabla hajauliza kwamba kuna boliti imelegea. Hakuwahi kuita fundi. Wanawake wangekaa na madebe yao ya mahindi tangu alfajiri hadi jua la utosi, naye amelala chini ya injini, anawaambia wasubiri, na walisubiri. Nilimwona mkubwa kuliko padri. Nilipokua nilitaka kuwa hivyo hivyo, mtu ambaye wengine wanamsubiri.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka mitano. Alituachia nyumba hii, ng'ombe wachache, na boti yenye injini, ya kwanza kuonekana upande wetu wa ziwa Basotu. Watu wa kwetu Mbulu walinicheka. Walisema mwanamke wa milimani, ambaye hata kula samaki alijifunzia kwa mume, atafanya nini na boti. Basi nikaiendesha. Nikavusha watu, magunia, mbuzi wa mnada, walimu, watu wa Getanuwas waliokwama kwa matope. Fundi Hamisi alikuwa akija mara mbili kwa mwaka kufanya sevisi, na mimi nikimsimamia pembeni nikimtazama jinsi anavyofanya, nikijisemea moyoni kwamba hapa hakuna kitu nisichokiweza.

Masika ile ulipokuwa na miaka minane, barabara ilikufa kabisa. Unaikumbuka, kwa sababu ulikosa shule. Udongo mweusi ulikuwa unashika pikipiki mpaka dereva anaiacha hapo hapo na kuondoka kwa miguu. Watu wakawa wanategemea boti tu, na injini ikaanza kukohoa. Nikampigia Hamisi. Akasema yuko kwenye kazi ya mtu, atafika Jumamosi. Ilikuwa Jumapili. Nikamwambia nitaifanya mwenyewe. Akasema, "Mama Martina, subiri Jumamosi. Usiiguse."

Ningeweza kukuambia kwamba watu walikuwa wanateseka na nisingeweza kusubiri. Ni kweli walikuwa wanateseka. Ningeweza kukuambia fedha ilinibana, lakini haikunibana, ningekuwa na udhuru huo ningeshautumia zamani. Kilichonisukuma ni hilo neno "usiiguse". Nililisikia kama tusi. Mimi, binti wa mwenye mashine, niambiwe nisiguse injini yangu na mtu ambaye nimemtazama miaka mitatu.

Nikatandaza gunia kama wewe juzi. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kabureta, nikamwaga oili ya gia na kuweka nyingine, nikaosha kichujio cha mafuta. Yote hayo niliyafanya vizuri. Hata leo Hamisi anakiri. Halafu nikatafuta mahali pa kutia maji ya kupozea. Nikazunguka injini nzima, sikuona pipa, sikuona mfuniko, sikuona hata tundu la kumiminia. Nikasema basi hii ni kama pikipiki, inapozwa na upepo. Wewe uliyejifunza injini kando ya ziwa, najua unacheka, au unakaribia kulia. Wewe unajua kwamba injini ya boti inavuta maji ya ziwa lenyewe kwa kile kigurudumu cha mpira cha chini, na ndiyo maana pembeni inakojoa. Mimi nilikuwa nimeona mkojo huo kila siku, nikidhani ni maji yanayoruka tu. Nilitoka mlimani ambako injini inabebewa maji kwa ndoo.

Nilitaka kuisikia kabla ya kuirudisha kwenye boti. Nikaifunga juu ya ule ubao wa kuchania samaki, huku huku nchi kavu, nikavuta kamba. Ikawaka mara moja. Watu walikuwa wanatoka ibadani, akina mama wa kwaya wakasogea na sare zao, wakaanza kupiga makofi na kuimba. Waliimba nyimbo mbili nzima, na mimi nikaiacha inaunguruma muda wote huo, bisibisi sikioni kama baba yangu. Nikasikia harufu ya mpira kuungua. Nikageuka kutazama nani ametupa kandambili kwenye moto wa wachoma samaki.

Siku mbili baadaye akaja Mama Gidamis.

Sasa unajua ninakokwenda. Yule mama ambaye amekupa maziwa tangu ukiwa mdogo, ambaye ulilala kwenye boma lake kila nilipokwenda Katesh, alikuja ufukweni amembeba mwanawe Udali mgongoni. Udali alikuwa na miaka miwili. Alikuwa na homa na ameanza degedege, na zahanati iko ng'ambo. Kwa boti ya injini ni nusu saa. Wewe ulikuwa mbele ya boti kwenye ile nafasi yako, umekataa kubaki nyumbani. Abiria wengine walikuwa wanne.

Tulifika katikati. Nilikuwa namweleza Mama Gidamis asiogope, kwamba injini hii nimeitengeneza mwenyewe juzi. Sikutazama pembeni kama inakojoa. Ikaanza kunuka, sauti ikawa nzito, kisha ikakata kama mtu aliyezibwa mdomo. Nikavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Ilikuwa imeshikana, haisogei.

Kasia lilikuwa moja. Upepo uliteremka kutoka mlima Hanang kama unavyoteremka kila siku saa nne, ukatusukuma kuelekea matete ya kusini, waliko viboko. Unawakumbuka viboko, kwa sababu uliwahesabu kwa sauti mpaka saba na nikakuambia unyamaze. Tulikaa pale kuanzia saa nne mpaka saa nane, hatuthubutu kupiga kasia kwa nguvu. Mama Gidamis alikuwa anamlowesha mtoto maji ya ziwa kichwani kwa kiganja chake. Wakati fulani akaacha kumlowesha. Ukaniuliza kama Udali amelala, nikakuambia ndiyo, amelala. Wavuvi walipotuvuta na mtumbwi wao hadi ng'ambo, nesi alimfunua tu na kumfunika.

Sijui kama angepona endapo tungefika mapema. Nesi hakusema. Nimelishika hilo "sijui" miaka yote, nimelitumia kama blanketi, na halijawahi kunipa joto.

Wazee walikaa siku ya nne, wa kwetu na wa kwao. Mimi niliitwa kama mwenye boti. Wakaniuliza injini ilikuwa na ubovu gani. Nikasema haikuwa na ubovu, nimeitengeneza kwa mikono yangu, na kanisa zima liliisikia ikilia Jumapili. Siku ile sikudanganya, nilikuwa naamini hivyo. Wakageuka, wakamuuliza Mama Gidamis. Ikajulikana kwamba alikuwa bado ndani ya msiba wa baba mkwe wake, kaburi lilikuwa halijakamilika kujengwa, naye amepanda kwenye maji. Kwao hilo ni zito. Na hata kwetu Mbulu, utamsikia bibi yeyote akikuambia kwamba mtu aliye na mwiko wa kifo hasogei kwenye chemchemi ya watu. Basi lilikubaliwa bila ubishi. Maji yamemkataa. Atoe kondoo mweusi, achinjwe ufukweni, na yeye asishike tena maji ya ziwa hili.

Nilikuwepo kondoo alipochinjwa. Alikuwa kondoo wake mwenyewe.

Jumamosi ile barabara ilimshinda Hamisi, akaja baada ya wiki mbili. Alifungua injini sehemu ya chini, akatoa kile kigurudumu cha mpira. Kilikuwa kimeungua, mabawa yote yamekatika, kimebaki kitu cheusi kama ganda la ndizi lililokaa juani. Akakiweka kwenye kiganja changu na kuuliza, "Uliiwasha nje ya maji?" Nikasema hapana. Nikasema labda ni matope, labda ni magugu. Alinitazama, akarudi kwenye kazi yake. Ni mtu wa heshima, hakuuliza tena, na tangu siku hiyo huwa hanitazami usoni anapozungumza habari za injini. Hapo ndipo nilipodanganya kweli. Nikakitia kile kitu kwenye kopo la majani ya chai na kukiweka juu ya kabati, nyuma ya picha ya baba yako.

Nilijiambia nitasema baada ya mavuno. Kisha nikajiambia nikisema, nani atapanda tena boti ya mjane aliyeua mtoto, na wewe utasoma kwa nini. Ndiyo, nilikutumia wewe. Nilikaa kanisani siti ya tatu, mimi ambaye huwa nacheka mambo ya mizimu, nikajificha nyuma ya mzimu wa ziwa kama mtoto nyuma ya mlango.

Na Mama Gidamis akawa anapita. Umemwona tangu utoto na punda wake wawili, anapita hapo mbele ya nyumba, ziwa liko hatua mia mbili kutoka kwake, anaenda kisima cha mbugani. Kwenda na kurudi ni nusu ya siku. Wakati wa kiangazi anatoka gizani. Uliwahi kuniuliza kwa nini hachoti hapa, nikakuambia ni mila zao. Jibu langu lilikuwa tayari siku zote. Kila alipopita nilimwamkia, shikamoo dada, naye akaitikia marahaba kwa moyo mweupe, akaniuliza habari zako, na mara nyingine akaniachia kibuyu cha maziwa. Maziwa hayo ulikunywa wewe. Mimi niliyachemsha na kusema sijisikii vizuri.

Baada ya hapo sikugusa tena injini. Ulikuwa unaona, hata plagi ikilowa naita fundi. Watu walinisifu, wakasema Mama Martina anajali abiria. Lakini kuita fundi hakukunifanya mwema. Kuna mwaka Hamisi aliumwa akaja kijana mmoja wa Katesh, nikamwona kwa macho yangu anachanganya mafuta vibaya, oili kidogo mno. Nilijua. Nikanyamaza, kwa sababu nilitaka ikiharibika iwe ni yeye. Wewe ndiye uliyemsahihisha, ukiwa na miaka kumi na minne, na mimi nikakufokea kwa kumkosea adabu mtu mzima. Unaona sasa nilikuwa nafokea nini.

Kwa hiyo ukifika Mwanza, na mtu akakuletea injini ambayo watu watavukia, utakuja kujiuliza ufungue mwenyewe au umwachie mwenye ujuzi zaidi. Mimi siwezi kukujibia. Nimefanya yote mawili na yote mawili niliyafanya kwa ubaya. Ninachoweza kukuambia ni kwamba nilipokuwa natafuta mahali pa kutia maji na sikupaona, kulikuwa na dakika moja nilisimama na kujua kwamba sijui. Niliisikia dakika hiyo kabisa. Simu ilikuwa mfukoni. Ukiisikia yako, mwanangu, piga simu, hata kama uliyempigia atakucheka.

Kuna jambo jingine la babu yako ambalo sikuwahi kukusimulia, kwa sababu halikuwa la maringo. Siku moja bomba la dizeli lilivuja likadondokea kwenye unga wa mama mmoja jirani, na hakuna aliyeona. Mama yule akabeba debe lake akaenda. Jioni babu yako alijaza debe la unga wetu, akalibeba kichwani, mwanaume mzima mbele ya watu, akapanda kilima hadi kwa yule mama. Nilimfuata. Alisema, "Ule unga usiule. Ni mimi nimeuharibu." Basi. Akaacha debe, akageuka tukarudi, na njiani hakusema lolote ila kwamba mvua inakuja. Nilikuwa na miaka kumi. Nilichukua kutoka kwake bisibisi na majivuno, hilo debe nikaliacha kilimani.

Juzi uliponiambia vile, nilikosa usingizi. Si kwa sababu ulinikosea. Ni kwa sababu niliona unaondoka ukiamini kwamba mama yako anakuona hufai, na ukweli ni kwamba mama yako amekuficha jambo. Nikaona pia kwamba nikikuambia wewe kwanza, nitakuwa nimekutwika. Ungelazimika kwenda kumuaga Mama Gidamis kesho ukiwa na siri yangu mdomoni. Kwa hiyo leo, ulipoondoka tu, nikachukua lile kopo nikaenda bomani kwake.

Nilimkuta anakamua. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikamwambia sitakaa. Nikafungua kopo, nikampa kile kitu mkononi, nikamweleza yote kama nilivyokueleza wewe, mpaka kwaya, mpaka harufu ya mpira, mpaka Hamisi. Sikulia. Nilikuwa nimejikataza njiani, kwa sababu nikilia angelazimika kunibembeleza. Alisikiliza mkono mmoja ukiwa bado kwenye chuchu ya ng'ombe. Akakigeuza kile kitu.

"Kitu hiki tu?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Ndama akaanza kusukuma, akamzuia kwa goti. Halafu akasema, taratibu, kana kwamba anaongea na ng'ombe, "Kwa hiyo maji hayakunikataa." Nikasema hapana dada, hayakukukataa. "Nilimwambia mume wangu kwamba mimi ndiye nilimuua mtoto. Mpaka anakufa alijua ni mimi."

Hilo sikulijua, Martina. Niliishi naye jirani miaka yote hii, na sikulijua hilo.

Nikaanza kusema naomba, akainua mkono. Akaniambia niende. Hakunifokea. Alifumba kiganja juu ya kile kipande cha mpira akaendelea kukamua kwa mkono uliobaki. Nilikuwa nimepanga kukuwekea kipande hicho ndani ya barua hii, ukipeleke Mwanza ukione kila ukifungua injini. Hakunirudishia, na ni haki yake.

Nimetoka pale nikapita kwa mzee wa kitongoji, nikamwomba awakusanye wazee Jumamosi. Nitasema mbele yao nilichosema kwake. Huenda watu wakakataa boti yangu. Huenda nikatakiwa kutoa kitu, na nitakitoa. Hayo ni yangu na yatatokea ukiwa umeshafika Mwanza. Usikatishe safari kwa ajili yake. Ukirudi kabla ya krismasi nitakufungia mlango, na ninasema kweli.

Fundi Hamisi atafika jioni hii na gari la mnada. Nimempigia tena, nikamwambia injini asiiguse, aje akae kwenye gogo. Utafungua wewe. Ukikwama utamuuliza, na usipokwama atakagua ulichofanya, kisha nyote wawili mtaniambia. Spana nimekurudishia, iko juu ya begi lako. Pipa la kujaribia injini nimelileta mwenyewe kutoka ufukweni na nimelijaza maji mpaka juu. Mimi nitasimama pembeni nikitazama pale inapokojoa.

Nimeacha kuandika kidogo, sasa narudi. Nilisikia kwato.

Mama Gidamis amepita na punda wake. Kwa saa hizi huwa hatoki, kisima kiko mbali, jua limeshainama. Nilisimama mlangoni na kalamu mkononi. Amepita hapa mbele, hakufuata njia ya mbugani. Amekata kushoto, ameteremka ufukweni. Wavuvi wameacha walichokuwa wanafanya. Ameingia majini na viatu vyake, mpaka magotini, akasimama hapo muda ambao siwezi kuuhesabu. Kisha akaanza kujaza madumu, moja moja, yote manne.

Aliporudi nilitoka hadi barabarani. Nikainama kidogo, nikamwambia shikamoo dada. Hakuitikia. Miaka yote niliyoishi hapa sijawahi kumwona mtu mzima akiamkiwa asiitikie, na yeye ndiye wa kwanza. Amepita karibu kiasi cha kunigusa, punda wamelemewa, maji yanadondoka njia nzima mpaka kwake. Bado naona alama yake kwenye vumbi nikiandika hapa.

Kesho asubuhi, kabla ya basi, pita kwake umuage. Usiniombee msamaha, hiyo ni kazi yangu na sijui itachukua muda gani. Nenda tu, umwamkie. Wewe atakuitikia.

Mama yako,
Elizabeti